Vidonge vyenye harufu ya usipa: namna ya kutumia metformini bila kuikimbia

Wiki niliyoanza metformini, dawa ya kisukari, nilikijua kila choo kati ya Uyole na Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nilikuwa nimeandikiwa vidonge viwili asubuhi na viwili jioni tangu siku ya kwanza. Nami nikavimeza kabla ya kula, maana nilikua nikisikia kwamba dawa inafanya kazi vizuri tumbo likiwa tupu. Siku ya tano nikavitupia kabatini, nikasema sukari na iniue tu. Miezi minne baadaye nilikuwa naamka mara sita usiku kukojoa na ubao wa darasani nauona kama una ukungu. Nikarudi hospitali kichwa chini. Nesi mmoja mtu mzima akafungua daftari langu, akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, unakunywa kabla ya kula au ukiwa unakula?"

Sasa huu ni mwaka wa nane niko na dawa hii. Nimeona wenzangu wengi wakiiacha, na karibu wote wameiacha kwa sababu ile ile yangu: hawakuvuka wiki mbili za mwanzo. Ndiyo maana nitakaa sana hapo. Dozi yako ataipanga daktari wako, mimi naeleza namna ya kuishi nayo.

Inafanya nini mwilini

Shangazi yangu wa Tukuyu, naye mgonjwa wa sukari, aliwahi kunipigia simu alfajiri akiwa na hasira. "Mwanangu, jana nimelala bila kula, sukari imesoma kumi na moja. Imetoka wapi?" Imetoka kwenye ini. Ini lina ghala lake la sukari, na usiku hulifungua kidogo kidogo ili mwili usikae na njaa. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili mlango huo haufungwi vizuri, ini linamwaga tu. Metformini kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari ovyo. Pia husaidia misuli kuitikia insulini ambayo mwili bado unaitengeneza.

Mambo mawili yanafuata hapo. Kwanza, haikamui kongosho litoe insulini zaidi, kwa hiyo ikitumika peke yake ni nadra kuishusha sukari hadi ukaanguka. Pili, haina haraka. Usimeze leo ukapima kesho ukalalamika. Utaanza kuona mabadiliko baada ya siku kadhaa, na nguvu yake kamili huchukua wiki.

Hatua ya kwanza: pima figo kabla ya kidonge

Metformini haivunjwivunjwi na ini kama dawa nyingi. Inaingia, inafanya kazi, kisha inatoka nzima nzima kwa mkojo. Figo ndiyo mlango wake pekee wa kutokea, na mlango ukiziba dawa inarundikana. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, omba kipimo cha kreatinini. Maabara au daktari atakitumia kukokotoa uwezo wa figo kuchuja. Ukiwa chini ya 30 dawa hii haitumiki kabisa, na kati ya 30 na 45 dozi hupunguzwa. Rudia kipimo hicho walau mara moja kwa mwaka, hata kama unajisikia mzima.

Mwambie daktari pia kama una tatizo la ini, kama moyo wako umechoka, kama una mimba au unapanga kushika mimba, na kama unakunywa pombe. Kwenye pombe sema kiasi cha kweli, siyo kile unachomwambia mchungaji.

Halafu kuna jambo ambalo huku kwetu halisemwi kwa sauti. Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya kwa miaka mingi imekuwa juu kitaifa kwa maambukizi ya VVU, na wengi wanaotumia dawa za kufubaza virusi sasa wamefika umri wa kupata sukari na presha. Dawa ya dolutegraviri, ambayo imo ndani ya kile kidonge kimoja cha siku kinachotumiwa na wengi, hupandisha kiwango cha metformini kwenye damu. Anayetumia zote mbili kwa kawaida hazidishi miligramu 1000 za metformini kwa siku. Shida ni kwamba kliniki zenyewe ni mbili, mafaili mawili, na mtu anaona haya kuchanganya habari. Usione haya. Peleka vidonge vyote mezani kwa daktari, na kama hutaki mtu wa nyuma kwenye foleni asikie, andika kwenye karatasi umpe.

Na diklofenaki. Mtu amelima viazi Isyonje siku tatu, mgongo unamuuma, anapita dukani ananunua diklofenaki, anakula mwezi mzima. Dawa hizo za maumivu zinaumiza figo, hasa kwa mtu mzima mwenye presha. Uliza dawa nyingine ya maumivu.

Hatua ya pili: soma bahasha vizuri

Ukipewa dawa kwenye kile kibahasha kidogo, juu yake kutakuwa na maandishi kama 1 x 2 au 2 x 2. Namba ya kwanza ni idadi ya vidonge kwa mara moja, ya pili ni mara ngapi kwa siku. 1 x 2 maana yake kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Haina maana ya viwili kwa mpigo. Kabla hujatoka dirishani, mrudishie mfamasia kwa maneno yako mwenyewe: "Kwa hiyo nakunywa kimoja na chakula cha asubuhi, kimoja na cha jioni?" Akitikisa kichwa, ondoka.

Wengi wetu tunapewa dawa mbili za sukari kwa pamoja, metformini na glibenklamaidi. Hizi si ndugu kabisa. Metformini ya miligramu 500 ni kidonge kikubwa. Ukifungua kopo lake puani inakujia harufu ya samaki, mimi huiita harufu ya usipa uliolala. Dawa haijaoza, ndivyo ilivyo. Glibenklamaidi ni kidonge kidogo cha miligramu 5, na hiyo ndiyo inayokamua kongosho. Ukiimeza usile, sukari inashuka chini kweli kweli.

Shangazi alizichanganya. Ilikuwa asubuhi ya mvua, umeme umekatika, akachukua bahasha gizani, akameza vidogo viwili akidhani ni vikubwa. Akasema chai atakunywa akirudi kukata majani ya ng'ombe. Jirani alimkuta amekaa kwenye tuta, jasho linamtoka kwenye baridi ile, anaongea maneno yasiyounganika. Wakadhani malaria imepanda kichwani. Bahati nzuri mjukuu wake alikumbuka aliyofundishwa, akamkorogea sukari vijiko vinne kwenye kikombe cha maji, akamnywesha taratibu kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza. Robo saa baadaye akaanza kuuliza nani amemwagia maji kitenge chake.

Kumbuka hicho kipimo: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, pima baada ya dakika 15, ikiwa bado chini ya 4 (mmol/L) rudia, kisha ale chakula. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa. Mkimbize hospitali. Na hata akizinduka, kama ni glibenklamaidi, mpeleke akaangaliwe siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa hiyo inakaa muda mrefu mwilini na sukari inaweza kushuka tena usiku.

Siku hizi bahasha ya vile vidogo shangazi ameifunga uzi mwekundu wa kusukia nywele. Hata gizani anaupapasa.

Hatua ya tatu: anza kidogo, meza katikati ya chakula

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Utaratibu unaotumika sana ni huu: wiki ya kwanza kidonge kimoja cha miligramu 500 kwa siku, pamoja na chakula cha jioni. Wiki ya pili kimoja asubuhi na kimoja jioni. Ikihitajika, wiki zinazofuata unaongeza kidonge kimoja kimoja, hadi dozi aliyokusudia daktari, ambayo kwa wengi huishia miligramu 1000 asubuhi na 1000 jioni. Kama umeandikiwa dozi kubwa moja kwa moja, hakuna ubaya wa kuuliza kwa adabu: "Daktari, naweza kuianza taratibu?" Mimi sikuuliza, nikalipa miezi minne.

"Na chakula" maana yake si kabla, na si saa moja baada. Kula nusu ya sahani, meza kidonge kwa maji, malizia sahani. Dawa ikikuta ugali na maharage imelaliwa na chakula chini na juu, tumbo halishtuki sana. Na chai kavu si chakula. Kikombe cha chai ya rangi na nusu andazi hakitoshi kubeba kidonge hiki. Kama asubuhi hupendi kula, mwambie daktari ahamishie dozi mchana, wakati wa kande.

Kama pakiti imeandikwa SR au XR, hiyo ni ya kutoka polepole tumboni. Huliwa mara moja kwa siku, mara nyingi na chakula cha jioni, na haivunjwi, haitafunwi, haisagwi. Usishtuke ukiona kitu kama kidonge kizima kwenye choo. Ni ganda tu, dawa imeshatoka.

Hatua ya nne: kuvuka wiki mbili za tumbo

Tegemea haya: tumbo kunguruma, gesi, kichefuchefu, kuharisha, hamu ya chakula kupungua, na ladha ya chuma mdomoni kana kwamba umelamba sarafu. Si kila mtu huyapata. Kwa wengi wanaoyapata, hupungua ndani ya wiki mbili au tatu.

Yaliyonisaidia mimi. Wiki hizo nilipunguza vyakula vya mafuta mengi, chipsi mayai nikaziaga kwa muda. Niligawa chakula kidogo kidogo. Maziwa niliyapunguza maana yalizidisha gesi. Nilikunywa maji ya kutosha. Kubwa kuliko yote, niliacha kuongeza dozi kabla tumbo halijatulia kwenye dozi ya chini. Ukipandisha tumbo likachafuka, rudi kwenye dozi iliyokuwa inakukalia vizuri, kaa hapo wiki nyingine, jaribu tena. Ikishindikana kabisa, omba ile ya kutoka polepole, huwa mpole zaidi kwa tumbo.

Na usipandishe dozi kesho yake ukiwa na basi la kwenda Iringa au Dar. Basi halisimami kila unapotaka, na kwenye kona za Kitonga hakuna kichaka cha kujificha. Panga kuongeza dozi wiki ambayo uko nyumbani.

Kuharisha kunakoanza ghafla baada ya miaka ya kutumia dawa bila shida si kwa kuanzia dawa. Hiyo kapimwe.

Ukisahau kidonge

Kumbuka wakati wa chakula kinachofuata, meza cha wakati huo tu. Usifidie viwili. Basi.

Siku ambazo hupaswi kuimeza

Hapa naomba usome mara mbili, kwa sababu tumeshikiliwa sana na agizo la "usiache dawa" mpaka tunasahau kwamba dawa hii ina siku zake za kupumzishwa.

Ukiwa unatapika na kuharisha hadi maji yanakuisha mwilini, ukiwa na homa kali na huli wala hunywi, isimamishe. Mwili ukikauka, figo zinafunga mlango, dawa inarundikana, na inaweza kusababisha asidi ya laktiki kujaa kwenye damu. Ni jambo nadra, lakini linaua. Dalili zake: kupumua haraka na kwa kina bila kukimbia, udhaifu mkubwa usioelezeka, misuli kuuma, tumbo kuuma, usingizi mzito, mwili kuwa baridi. Ukiona hayo, hospitali saa hiyo hiyo, na sema wazi kwamba unatumia metformini. Ukiwa umeisimamisha kwa kuumwa kwa kawaida, unairudia ukishaanza kula na kunywa vizuri, kwa kawaida baada ya siku moja au mbili. Wakati huo endelea kupima sukari, na anayechoma insulini asiiache bila kuambiwa. Hiyo ni habari nyingine.

Ukipangiwa upasuaji, waambie mapema. Ukipelekwa kupigwa picha ya CT yenye dawa inayochomwa kwenye mshipa, waambie pia. Wenye figo dhaifu huambiwa waisimamishe siku hiyo na kusubiri saa 48, figo zipimwe upya, ndipo warudie. Usisubiri waulize.

Pombe nayo imo humu. Shemeji yangu wa Iringa husema ulanzi ni juisi ya mwanzi, haina shida. Ukigemwa asubuhi ni mtamu, maana yake una sukari. Ukikaa ukawa mkangafu, sukari imegeuka pombe. Kwa mgonjwa wa sukari hakuna saa ambayo ulanzi uko upande wake. Komoni, pombe yetu ya nafaka, vivyo hivyo. Mtu anayekunywa glasi moja msibani na aliyekula vizuri si huyu ninayemwogopa. Namwogopa yule anayekaa kilabuni toka saa nane mchana, hali, halafu saa nne usiku anakumbuka dawa yake na kuimeza kwa uaminifu. Pombe nyingi pamoja na metformini huongeza hatari ya ile asidi. Na kama kuna glibenklamaidi ndani, sukari itashuka amelala, na nyumbani watasema amelewa tu.

Kupima, hasa asubuhi ya mwezi wa saba

Kwa watu wazima wengi wasio wajawazito, lengo la kabla ya kula ni kati ya 4.4 na 7.2, na saa mbili baada ya kuanza kula isizidi 10. Daktari anaweza kukulegezea kama umri umekwenda. Kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, HbA1c, kwa wengi hulengwa kiwe chini ya asilimia 7. Kifanye kila miezi mitatu mwanzoni kama kipo na unakimudu, ukishatulia hata mara mbili kwa mwaka.

Angalia mashine yako inasoma kwa kipimo gani. Jirani yangu alinunuliwa mashine na mwanawe, ikasoma 140, akaanza kuwaita watoto awaage. Mashine ilikuwa kwenye miligramu (mg/dL), siyo milimoli (mmol/L) kama namba ninazotaja hapa. Gawanya kwa 18: 140 ni kama 7.8. Wakati ule alikuwa ametoka kula, alikuwa salama salimini.

Wa nyanda za juu tuna shida yetu ambayo vipeperushi havisemi. Mwezi wa sita na wa saba, saa kumi na mbili asubuhi Uyole au Makete, mashine nyingi hugoma. Inaandika alama ya kipimajoto au neno la kosa, mtu anadhani imekufa. Ni baridi tu. Mashine na stripu, vile vijikaratasi vya kuwekea damu, zinafanya kazi ndani ya kiwango fulani cha joto, na nyingi chini ya nyuzi 10 hazisomi. Mimi usiku huilaza mashine na kopo la stripu chini ya mto. Asubuhi naosha mikono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, naikausha kabisa, naning'iniza mkono chini kidogo, halafu natoboa ubavuni mwa ncha ya kidole. Ubavuni hakuumi kama katikati. Kuosha si kwa ajili ya vijidudu peke yake: ukiwa umemenya ndizi mbivu au embe, utamu uliobaki kwenye ngozi utapandisha namba na utajitibu ugonjwa ambao haupo.

Stripu ni ghali na kwa anayetumia metformini peke yake hakuna haja ya kutoboa vidole kila saa. Ukiwa na chache, pima asubuhi mara mbili au tatu kwa wiki, na mara moja moja saa mbili baada ya chakula unachokishuku. Andika namba pamoja na ulichokula. Daktari akiona daftari lenye namba na chakula, mazungumzo yanakuwa tofauti kabisa na "sukari inapandapanda tu dokta".

Chakula, kwa ufupi

Metformini haifuti mlima wa ugali. Huhitaji vyakula vya supamaketi. Kipimo ni sahani ile ile: nusu yake mboga, chainizi, mnafu, majani ya maboga, kabichi, robo maharage, samaki, nyama au yai, robo iliyobaki ugali au wali wa Kyela au viazi au mbalaga, yaani ndizi za kupika. Kimoja tu kati ya hivyo. Kosa letu kubwa ni wali na viazi na ndizi kwenye sahani moja, na soda pembeni. Dona ni bora kuliko sembe. Parachichi, tunalolitupia nguruwe wakati wa msimu, ni tunda zuri kwa mgonjwa wa sukari. Chai inyweke bila sukari. Ulimi unazoea kwa wiki tatu, najua maana wangu ulizoea.

Miguu, moto na ganzi

Kwenye baridi tunaota moto. Mgonjwa wa sukari mwenye ganzi anasogeza miguu jikoni, hasikii joto, anasikia harufu ya kuungua kabla ya kusikia maumivu. Vaa soksi, jifunike blanketi, jiko la mkaa likae mbali na miguu. Kila usiku kagua nyayo, kwa kioo kidogo kama huwezi kuinama, au mwite mtoto.

Kuhusu ganzi hiyo kuna jambo la metformini lenyewe. Ikitumika kwa miaka, na hasa kwa dozi kubwa, hupunguza vitamini B12 mwilini. Upungufu huo huleta ganzi na kuchomachoma miguuni, uchovu, upungufu wa damu, hata usahaulifu. Dalili zinafanana mno na za sukari iliyoharibu mishipa ya fahamu, kwa hiyo ni rahisi kila mtu kusema "ni sukari tu". Ukiwa umeitumia zaidi ya miaka minne na una ganzi, au huli nyama, mayai, samaki wala maziwa, uliza kuhusu kupima B12. Tofauti ni kubwa, kwa sababu hiyo inatibika kwa vidonge au sindano.

Wanaouza mizizi stendi

Mwaka 2011 watu walipanda magari kutoka kila kona ya nchi kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kilichodaiwa kutibu sukari pamoja na maradhi mengine makubwa. Kikombe kilipita, sukari ikabaki. Siwacheki waliokwenda. Ugonjwa wa maisha unachosha, na anayekuambia "unapona" anapendeza zaidi kuliko anayekuambia "rudi mwezi ujao".

Ila hoja ya "hizi dawa za kizungu ni kemikali, mimi natumia mti" huwa naijibu hivi. Metformini chimbuko lake ni mti pia. Ulaya kuna mmea uitwao Galega officinalis, uliotumiwa na wazee wao tangu zamani. Ndani yake ilipatikana kemikali inayoshusha sukari lakini yenye sumu. Wakemia wakatafuta ndugu zake walio wapole, metformini ikatengenezwa mwaka 1922, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kuwatibu watu nayo. Mwaka 1998 utafiti mkubwa wa Uingereza ukaonyesha kwamba wagonjwa wanene walioitumia walipata shambulio la moyo kwa uchache zaidi. Kwa hiyo tofauti kati ya kidonge hiki na mzizi wa stendi si mti na kemikali. Hiki kimepimwa, dozi yake inajulikana, madhara yake yameandikwa. Ukinywa miti shamba, mwambie daktari, na usiache kidonge kwa ahadi. Baadhi ya mimea kweli inashusha sukari, na ikikutana na glibenklamaidi utayarudia ya shangazi kwenye tuta.

Kununua na kutunza

Nunua famasi au duka la dawa lililosajiliwa, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na usingoje kidonge cha mwisho. Weka akiba ya wiki mbili, maana kuna miezi dirisha la dawa linasema "haipo". Majina ya kibiashara ni mengi; tafuta neno Metformin na namba ya miligramu chini yake. Ukibadilishiwa kutoka 500 kwenda 850 au 1000, idadi ya vidonge inabadilika pia. Tukuyu, ambako nguo zinakaa wiki bila kukauka, dawa isikae kwenye bahasha ya karatasi. Itie kwenye kopo kavu lenye kifuniko, mbali na jiko na mbali na watoto.

Siku ikifika daktari akasema metformini peke yake haitoshi, akaongeza dawa nyingine au insulini, usidhani umekosea. Kongosho huchoka kadiri miaka inavyokwenda. Mara nyingi metformini inabaki, hiyo nyingine inaongezwa juu yake.

Siku ya kliniki

Hapa watu huanguka kwenye foleni. Umeambiwa uje bila kula ili upimwe sukari ya asubuhi. Umeamka saa kumi, umemeza dawa zako zote kwa mazoea, ukapanda daladala. Kupimwa ni saa nne, daktari saa saba. Usifanye hivyo. Asubuhi ya kupimwa bila kula, vidonge vya sukari vikae mfukoni. Maji kunywa, na dawa ya presha uliza kama unaweza kuinywa. Ukishatobolewa kidole na damu imechukuliwa, toa chakula chako, kula nusu, meza kidonge, malizia.

Mimi hubeba viazi viwili vya kuchemsha, yai, na chupa ya chai isiyo na sukari. Mfuko mwingine una daftari la namba, vidonge vyote ninavyotumia vikiwa kwenye makopo yake, na pipi tatu. Hizo pipi si zangu. Ni za yule wa benchi la mbele ambaye jasho limeanza kumtoka.